Pochette Iliyobaki Nyeupe Katikati

Papa,

Nimekaa pale pale ulipozoea kukaa, kwenye kigoda karibu na dirisha, na makopo yako ya rangi yapo mbele yangu. Mengi yamekauka. Nakuandikia kwa sababu kuna mambo siwezi kumwambia Mama bila yeye kuanza kulia upya, na wewe ndiye uliyekuwa ukinisikiliza nikizungumza habari za kazi hata nikirudia jambo lile lile.

Nianze na habari mbaya, maana nzuri sina. Duka la Patron la michezo ya televisheni, pale mtaa wa Makiso, halipo tena. Wiki chache baada ya kukuzika, askari waliingia mjini kupora. Walichukua televisheni zote, mashine, kaseti za michezo, viti, hata mabati ya paa. Patron alipanda boti na mke wake akateremka na mto, hakuaga mtu. Kitu kimoja tu hawakukigusa: picha zako. Niliingia siku ya pili nikazikuta zote ukutani, zimepangwa kama ulivyozipanga, na juu yake mbingu tupu. Nilisimama pale nikacheka, Papa. Nilicheka vibaya. Walichukua michezo yote wakatuachia majalada.

Unakumbuka zilivyoanza? Wafanyabiashara walikuwa wakileta kaseti kutoka Kinshasa bila maboksi, wanayatupa ili mzigo uwe mdogo. Zilifika zikiwa nyeusi zote, zinafanana, na mteja akisimama mbele ya Patron hajui achague ipi. Ndipo Patron akakuita wewe, uliyekuwa unapaka vibao vya masaluni na bar, akakwambia upake jalada la kila mchezo kwenye kipande cha triplex, zile mbao nyembamba, litundikwe ukutani. Wewe ukaziita pochette, kama za sahani za muziki. Hukuwa umewahi kushika mchezo hata mmoja. Ulikubali siku ile ile. Ndivyo ulivyokuwa, ukubali kwanza, uogope baadaye.

Halafu yale ya ndege. Mpaka leo nikikumbuka najificha uso. Ulitazama televisheni kidogo tu, ukaona maji, ukaona vijiti vimesimama ndani ya maji, na kitu cheupe kinachoshuka na kupanda. Ukasema hawa ni Wagenia wanavua kwenye maporomoko, mambo ya kwetu yamefika mpaka kwenye televisheni! Ukapaka miti yao mirefu, mitego yao mikubwa ya kusukwa, wanaume wanaovuta kamba kwa misuli. Ilikuwa nzuri kuliko picha zote ulizowahi kupaka. Watu walijaa mpaka nje. Walikuja hata wale wa mtoni, waliokuwa wameshuka bandarini kutoka Yanonge na samaki wao. Wakakaa, mchezo ukaanza, na kumbe ni ndege mweupe anayezamia samaki kati ya magogo. Mama mmoja mnene akasimama akapiga makofi: "Wagenia yetu iko wapi? Hii iko ndege tu! Munatudanganya!" Patron alitaka kuzimia.

Hukumkasirikia yule mama. Ulirudi nyumbani, ukashinda siku nzima ukipangusa ile picha kwa mafuta ya taa, wavuvi wote wakaondoka mmoja mmoja. Mimi nililia. Wewe ulisema, "Yule mama iko na haki, Feza. Nilimuita kwa kitu haiko ndani." Tangu hapo ukaweka sheria, na sheria yenyewe ikaniangukia mimi, maana macho yako yalikuwa yanachoka mbele ya televisheni: hakuna kupaka mpaka Feza amecheza mchezo hadi mwisho, arudi aseme kila alichokiona. Majirani walisema Papa Lifoko anamharibu binti yake. Wewe ulikuwa unanitetea kwa Mama: "Bon, muache, iko kazini."

Ndege ulimpaka upya, mmoja tu, wa manjano, mkubwa kuliko alivyo, mdomo wazi, anakutazama wewe uliye barabarani. Manjano kwa sababu jirani zake ukutani walikuwa weusi na wekundu, na nyekundu pembeni ya nyekundu hakuna anayeiona. Jina la mchezo ukaliweka juu, kwa kuwa chini hufunikwa na vichwa vya watu waliokaa. Kisha tukavuka barabara, ukaniambia nifumbe macho nusu. "Mutu iko anapita na vélo, anapiga pedali, hana wakati ya kusoma. Mupatie kitu moja, kikubwa. Kama yeye hajaelewa, umepaka bure." Nilifumba macho nusu na ndege alikuwa pale, ananitazama.

Huyo ndege nimemwona juzi sokoni. Nilipokuwa natafuta mkokoteni wa kuzibeba pochette zako, watu walishazibeba. Nyingine zimepikiwa kama kuni. Ndege wako anafunika beseni la mama mmoja anayeuza chikwangue, mikate ya muhogo. Nilimsihi anirudishie, akanivuta mkono kwa upole: "Ee mama, acha, mvua ikikuja nitafunika na nini?" Nikamwachia. Rangi imeanza kutoka upande wa mkia. Lakini nilivuka barabara, nikafumba macho nusu, na bado anaonekana. Nililia pale pale kati ya watu, wala sikujali.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, Papa. Mchezo wa mwisho.

Ile kaseti ya mtu mwenye taa, anayetembea kwenye nyumba yenye milango mingi na maji yanapanda. Ulianza kuipaka kabla sijaimaliza, kwa mara ya kwanza ukavunja sheria yako, na nadhani ulijua muda wako haukuwa mrefu. Ulipaka pande zote: mkono ulioshika taa, milango, maji mpaka magotini. Katikati ukaacha peupe. Pale paliningoja mimi nikwambie nyuma ya mlango wa mwisho, ule mwekundu, kuna nini. Kisha ini likakulaza hospitali.

Kila jioni nilitoka dukani nikaja na chakula cha Mama, na kabla hujafunua sufuria uliuliza, "Donc, umefika mpaka mwisho?" Nilikwambia bado, Papa. "Alors, endelea." Mara courant ya umeme imekatika, mara maji yamenizamisha. Nilifika mpaka mbele ya mlango mwekundu, nikagonga, ukakataa kufunguka. Tonton, mdogo wako wa Isangi, alinivuta pembeni kwenye korido. Alisema nibuni chochote, niseme nimeona dhahabu, nimeona mke wa yule mtu, ufurahi kidogo, kwani ulikuwa unakufa. Uongo ulinijia mdomoni. Nilirudi kitandani kwako, nikakushika mkono, na wewe ukauliza, nyuma ya mlango kuko nini? Nikasema sijaona. Ulitabasamu, midomo imekauka. "Bon. Usinipatie uongo. Tutaona." Hukusema neno lingine la kueleweka baada ya hapo. Nilikuwa nimekushika mpaka mkono ukapoa.

Nilijiapiza nitaumaliza mchezo na kuipaka ile nafasi kabla ya kuondoa matanga. Ndicho kitu pekee nilichokitaka. Sasa mashine haiko, kaseti haiko, Patron hayuko. Nimeulizia Makiso yote, nimeulizia bandarini. Wananitazama kama mtu aliyerukwa na akili: watu wanatafuta chumvi, huyu anatafuta mlango. Hakuna atakayeniambia, Papa. Nimeshakubali. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata matanga yenyewe, kwamba kazi yako ya mwisho imebaki na shimo, na mimi ndiye niliyebaki nalo.

Wiki iliyopita Tonton alikuja tuondoe matanga. Tulikwenda kaburini tukakuta jina lako, lililoandikwa kwa mkaa kwenye msalaba, limefutwa na mvua. Tonton akasema binti wa mpaka rangi hawezi kumwacha baba yake bila kibao. Alizunguka mji wote, triplex hakuna, hata mbao za majeneza hazipatikani. Akarudi, akaona ile pochette ya mwisho imeegemea ukuta, akaiomba iwe kibao. Nilimkatalia. Nilimfokea, na ni mkubwa wangu. Akaketi, akasema taratibu, "Basi paka malaika pale katikati, Feza, itapendeza." Nikamjibu kwamba malaika sijamwona.

Lakini baada ya yeye kulala mchana niliitazama muda mrefu. Mlango ule sikuuona ukifunguka. Wewe nilikuona mpaka mwisho. Nikachukua rangi nyeusi iliyobaki chini ya kopo, nikaandika LIFOKO pale peupe, herufi nene, sehemu ya juu, maana chini patafunikwa na majani. Sikuongeza kitu. Pembeni taa yako iko, milango yako iko, maji yako pia.

Jana tulikisimika kibao kaburini, kando ya barabara. Nilivuka barabara, nikafumba macho nusu. Kijana mmoja akapita na vélo, amebeba mkaa, hakupunguza mwendo, akageuza kichwa na kusema, "Ah, Papa Lifoko." Akaenda zake.

Rangi yenyewe niliizimua sana, haitastahimili mvua. Nitakuwa nakuja kuipaka tena, mpaka rangi iishe, na ikiisha nitatumia mkaa. Na kama siku moja nitauona ule mlango, nitakuja kukwambia kabla ya mtu mwingine yeyote. Sitegemei, Papa. Lakini nyuma yake sitaweka kitu ambacho sijakiona.

Pumzika sasa. Ningoje bila haraka.

Binti yako wa rangi,
Feza