Mkataba Mpya wa Walimu wa Chekechea

Kibondo

Mama yangu mpendwa,

Mwakeye, mama! Mgongo unaendeleaje? Mvua zimeanza huko Titye? Sisi ni wazima. Mwambie mdogo wangu Yohana anayekusomea asinicheke kwa mwandiko, furaha imenizidi.

Unajua tangu nianze kufundisha chekechea hapa kwenye kambi ya wakimbizi tuliitwa walimu wa kujitolea. Tunapewa sabuni na unga, basi. Ukiugua, anaingia mwingine. Jumatatu mratibu wetu akatuletea mikataba. Mshahara wa kila mwezi, mama! Wenzangu wakapiga vigelegele, nami nikachukua kalamu. Kusoma chini, nakuta: mwalimu atakayepata mimba, ajira yake imekoma.

Nikaiweka kalamu mezani.

"Vipi, Mwalimu Leokadia?"

"Siwezi kutia sahihi, bwana. Nina mimba."

Nisamehe, mama, watu wa huku wamesikia kabla yako.

"Basi nafasi yako atapewa mwingine," akasema.

Ndipo Mama Esperansi, mkimbizi kutoka Burundi ninayefundisha naye darasa moja, akasukuma karatasi yake mbele. "Hawa watoto tunaowafundisha walizaliwa na nani? Na mimi sitii sahihi."

Wengine nao wakaweka kalamu, hata Tabu, ambaye tulikuwa hatusemeshani tangu tugombane kwa ajili ya mikeka ya watoto. Mratibu akaondoka amenuna. Nilijiona nimewaponza wenzangu wenye njaa zao.

Jana akarudi na karatasi nyingine. "Wakubwa wamekubali," akasema, hakututazama usoni. Mama, ukijifungua unapewa likizo, mshahara unaendelea, na ukirudi kazi yako unaikuta! Niliwasomea wote kwa sauti, Mama Esperansi akikubali kwa "Ego!" kila mstari. Tukatia sahihi, Tabu akanikumbatia mpaka kitambaa kikanidondoka kichwani.

Kwa hiyo nitakuja kujifungulia hapo nyumbani, mikononi mwako, nikae mpaka mtoto akujue sura. Festo mume wangu amekubali, ila anadai jina atatoa yeye. Tutaona!

Nisalimie baba mdogo na ng'ombe wake wakorofi, shangazi muuza mawese wa Rungwe Mpya, na mama yangu wa ubatizo; aendelee kuniombea.

Mimi mwanao, mwalimu aliyeajiriwa,
Leokadia