Aliyenisubiri Stage ya Zamani

Mpenzi Wambui,

Huku Bahati tuko salama. Mamako amevuna viazi, nami bado natabasamu kama bibi harusi, kwani ndiye mimi. Umeuliza nilijuaje kwamba Mzee Kamau ndiye wangu.

Tulipatana tukutane Nakuru mjini, stage ya matatu za Bahati, twende kumwona pasta atupangie harusi. Kufika, sioni gari hata moja. Ni viatu vya mitumba vimetandazwa kila mahali. Nikajua ameghairi, machozi yakanilenga.

"Mathe, stage ilihamishwa kitambo," muuza viatu akasema. "Unatafuta nani?"

"Mchumba wangu."

Akanitazama mvi. "Basi ni yule mzee amekalia benchi yangu tangu asubuhi. Hata kiatu hanunui."

Nikageuka. Alikuwa pale, suti imenyooshwa, kofia magotini.

"Kumbe nawe hukujua stage imehama?" nikamuuliza.

"Nilijua," akasema. "Lakini nilijua wewe utakuja hapa."

Sasa Wambui, huyo kijana wako wa huko ng'ambo, anajua wewe hupotelea wapi?

Nyanya yako mwenye pete mpya