Wewe Kula Weupe

Nyarero, Jumapili

Baba Olima,

Huku tupo. Huko Nyangoto sijui mashimo ya dhahabu yanawapa nini. Mahindi yamebeba, na kuku wa mama yako wanataga vizuri. Mayai yote anayafungia kabatini: "Ya mwanangu akirudi."

Olima hanenepi. Kliniki walimpima, nesi akasema nimpondee kiini cha yai kwenye uji. Nilipomwambia mama, alishika kichwa: "Mtoto akila yai kabla hajajua kusema, atakuwa bubu!" Nikamjibu kwamba Dorah wa jirani amelelewa kwa mayai, na anaongea mpaka anatuchosha. Tangu hapo hanisemeshi.

Sikuombi umgombeze mama yako. Njoo tu, hata mikono mitupu. Atakuchemshia mayai, kama kila ukirudi. Wewe kula weupe, viini nifichie mimi. Najua pa kuvipeleka.

Ila usikawie. Jana nilibonyeza mguu wa Olima, umevimba, kidole changu kikaacha shimo. Hata hakulia.

Mkeo,
Akinyi