Godeliva, Tufute au Tuhifadhi?

Mwaka umetimia leo, Godeliva, tangu asubuhi ile ya Alhamisi ulipotuacha, ukiwa na miaka ishirini na saba na shahada ya muziki ambayo baba alikuwa bado anaitafutia fremu. Wenzangu hapa nyumbani wamenisukumia kalamu mimi kaka yako, kwa kisingizio kwamba wana kazi. Kazi gani, sijui. Nimeandika nikachana mara tatu. Matangazo ya namna hii husema familia inamkumbuka marehemu kwa upendo, yakaishia hapo. Sisi upendo tunao, tulichokosa ni kukuelewa.

Ulikuwa mpole kwa watu na mkorofi kwa vitabu. Dagaa ulianza kuwala vichwa. Kanisani ulichelewa kila Jumapili kwa sababu ulisimama njiani na wanawake wa mlimani, na salamu ya wanawake wa kwetu si ya kuitikia huku unapita. Huimbwa. Mmoja hutangulia, mwenzake humjibu katika nafasi anazoachiwa, sauti zinapishana mpaka zifike mwisho pamoja, na maharage jikoni yameshaungua. Akazehe, ndivyo tunavyoiita, na kila mwanamke hutunga yake.

Uliposema unakwenda kusomea muziki, baba alishtuka.

"Muziki gani, mwanangu? Ngoma kwetu ni za wanaume."

"Ngoma nawaachieni, baba. Mimi nawafuata watunzi."

"Watunzi gani tena?"

"Mmoja huyo hapo, anakuchambulia maharage."

Mama alicheka mpaka akamwaga ungo.

Mwalimu wako chuoni hakucheka. Ulimpelekea salamu aliyotunga mama, akakuelekeza uandike kwamba ni wimbo wa jadi na mtunzi hajulikani. Ulirudi nyumbani umevimba. "Hajulikani na nani?" ulifoka. "Mimi namjua, amenizaa!" Miaka miwili ukapanda na kushuka milima kwa miguu na kinasa sauti chako, toka Rutegama mpaka Mbuye, ukakusanya salamu thelathini na moja. Kwa kila moja uliandika jina la aliyetunga, mlima wake, na aliyemjibu. Mwisho mwalimu alinyoosha mikono. Tulijivuna sana, nami nilijigamba kazini kana kwamba nilikubebea viatu.

Ndiyo maana tumechanganyikiwa. Hospitalini, figo zilipokwisha kukataa, ulinishika mkono. "Kaka Reveriani, mwaka ukitimia, siku ya kuondoa matanga, zifuteni."

"Tufute nini?"

"Sauti. Majina yabaki, sauti zifuteni zote."

Nilidhani ni homa. Ndipo ukanieleza habari ya Bibi Efrazia wa Mbuye. Ulimrudia baada ya mwaka, ukamsikilizisha salamu yake mwenyewe, akakasirika. "Huyo si mimi, mjukuu wangu. Huyo alikuwa na mume. Mimi ni mjane, unanisalimiaje kwa mdomo wa mwaka jana?" Ukasema tangu siku hiyo hukuwa na raha. Ulitaka kuwatoa wanawake hao katika kusahauliwa, ukaona umewafungia sandukuni. "Kila kitu kinapita, kaka. Na salamu nayo ina haki ya kupita." Muuguzi akaingia, nami nikampisha. Wewe uliyegombana na chuo kizima ili wasisahaulike, ndiye huyohuyo unayetuagiza tufute. Tumtii Godeliva yupi?

Matanga tunaondoa Jumamosi hii, kwa hiyo Jumapili iliyopita tulikaa sebuleni tuamue.

"Hakifutwi kitu hapa," baba alisema. "Miaka minne tumekula maharage bila mafuta ili mtoto asome, leo tufute?"

"Neno la mtu anayekufa halirudishwi," mama akasema.

"Waacheni wenye salamu waamue wenyewe," shangazi Perpetua akadakia, akimgeukia baba. "Kaka yangu huyu, miaka thelathini na tano ndani ya nyumba, salamu ya mkewe hajui hata inavyoanza. Leo ndiye mlinzi wake!"

Baba alishika bilauri yake akanywa.

Nami nilikuwa na siri. Wiki moja kabla nilikuta kwenye kinasa chako, drooni, salamu ya thelathini na mbili, isiyo na jina, ya tarehe ulipokuwa umelazwa. Sauti ni yako. Inaanza, inakatika, inaanza tena. Nikaona imeharibika, nikaipeleka kwa fundi wa studio, naye akaziba mapengo yote. Sauti yako ikatoka mbio kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Hiyo ndiyo niliyowasikilizisha, na kifua mbele.

Mama alikunja uso. "Nani amemkata pumzi mwanangu?"

Nikakiri. Shangazi akanitazama kwa huruma, akaniambia, "Wewe kweli ni mtoto wa baba yako." Bahati nzuri ile ya mwanzo sikuwa nimeitupa, nikaiweka.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Ulipokatika mara ya kwanza, aliinua kichwa. Mara ya pili akaweka kisu chini. Mara ya tatu akaingia. Alikujibu, Godeliva! Kila ulipoacha nafasi alikuwapo, akikuuliza habari za huko na kukupa za nyumbani, na mlifika mwisho pamoja, neno moja, pumzi moja. Kwetu kumwacha mtu na salamu bila kumjibu ni kukosa adabu. Sisi tulikuacha kwenye droo mwaka mzima, halafu mimi nikakupeleka kwa fundi. Tusamehe.

Kisha mama akaokota kisu chake.

"Sasa ifute."

"Hata hii, mama?"

"Hii kwanza. Ameshajibiwa."

Baba alitaka kuzuia, mkono ukaishia hewani. Nikabonyeza, nikafuta hiyo na ile ya fundi. Sauti yako haipo tena popote, na mpaka naandika haya sijui kama nimekutii au nimekuzika mara ya pili. Hizo nyingine thelathini na moja sikuzigusa. Watunzi wenyewe tumewaalika Jumamosi, na Bibi Efrazia anakuja na mjukuu wake. Kila mmoja atasikiliza yake, aamue kama ibaki au ipite. Huenda ndivyo ulivyotaka. Huenda tumekosea tena.

Wanaokukumbuka: baba yako Salvatori Ntirampeba; mama yako Paskazia Nkeshimana, mtunzi; shangazi yako Perpetua Nininahazwe, mtunzi; wadogo zako mapacha, Bukuru na Butoyi; na mimi, Reveriani. Mhariri alitaka neno "mtunzi" liondolewe, akisema halina nafasi katika tangazo la kifo. Baba akafunga safari mwenyewe hadi gazetini, akakaa kitini mpaka likarudishwa.

Siku zote tutakukumbuka, dada, hata pale tusipokuelewa.