Jina la Babu

Ukiliokota daftari hili, nakusihi: usimsimulie mtu hata neno moja. Hata mama yangu.

Jumatatu, 5 Hidar 1970, kwa kalenda yetu ya Ethiopia

Mwenyekiti wa mtaa, Ndugu Gizaw, kanipa majina tisa ya "wapinga mapinduzi" niyapige taipu. La sita: Fikre Desta Ambaw. Mtoto wa baba mkubwa! Amejificha kwetu, stoo, nyuma ya magunia ya nafaka ya tefu. Nikaandika Fikre Desta tu, jina la babu, Ambaw, nikaliacha, na karatasi aliyonipa nikaichoma. Akina Fikre Desta ni wengi Addis Ababa hii — hawatajua wamkamate yupi.

Jumanne, 6 Hidar

Wamempata mmoja. Fundi cherehani wa karibu na kinu cha unga! Mkewe kaja ofisini na miwani ya mumewe: "Mwanangu Sahlu, mpelekee. Wewe unatujua. Huyu hata gazeti hasomi!" Walinzi wakacheka — basi mama, tutamfundisha kusoma.

Nikaipokea miwani.

Jumatano, 7 Hidar

Nimethubutu. Nikamwambia Mwenyekiti huenda tumekosea, anayetafutwa ni mwanafunzi, huyu ana miaka hamsini. Hakukasirika — hilo ndilo lililonitisha. Akanimiminia kahawa.

"Kijana wangu, wewe umesoma. Mapinduzi yanakamata nani? Maadui. Huyu kakamatwa. Basi?"

Kama hesabu ya darasa la pili! Na anaamini. Macho yake maangavu kabisa.

Kisha: kama yupo Fikre mwingine, nimletee jina la babu yake kesho saa tatu asubuhi. Nisipoleta, fundi atapigwa risasi pamoja na wengine.

Babu yake ni babu yangu. Jina hilo limo kwenye kitambulisho changu cha kazi.

Alhamisi, 8 Hidar

Saa mbili na nusu. Nimemwambia Fikre yote. Kacheka: "Karani kweli wewe! Wenzako huua kwa kuandika, wewe kwa kutoandika." Anavaa koti. Anasema atajipeleka mwenyewe. Mama kaziba mlango kwa mwili wake, analia, anauliza kuna nini — hakuna anayemjibu. Koti langu nami nimelivaa, nikakiri kuwa jina nililiacha mimi. Mmoja wetu lazima atoke.

Wewe uliyeliokota daftari hili, ukinitafuta, usije ofisini. Usiandike barua, zinafunguliwa. Nenda kwa Tsehay, mama muuza mishumaa mlangoni mwa kanisa la mtaani kwetu. Sema umetumwa na Sahlu. Akikana kunijua, subiri, anakupima tu. Akilia, usisubiri.