Nilichoandika Kwenye Kitabu Chako

Nusaiba,

Nimekwenda Somanga kufuata maturubai ya harusi yako. Wale samaki changu wako kwenye sufuria, wafunike vizuri, paka anawajua. Shangazi yako apewe uji kwanza.

Asubuhi nilikasirika, nikakibwaga kitabu chako cha nukuu. ~~Ulinidharau.~~ Ulicheka, na kweli ilichekesha. Mimi nafanya mazoezi ya hotuba ya kesho, nasoma humo maneno ya mwanafalsafa mmoja, Shangazi ananikatiza: "Huyo ni mtoto wa nani?" Nikageuza ukurasa kutafuta. Akasema, "Basi Nusaiba wetu anamjulia wapi?"

Niliishia darasa la nne. Nikaona maneno ya wakubwa yatanisitiri mbele ya wakwe zako wasomi. ~~Kesho aseme baba yako mdogo.~~ Nitasema mwenyewe.

Kitabu kiko juu ya kabati. Kwenye ukurasa wa nukuu kuhusu "Binti" palibaki nafasi, nimeandika kwa penseli: "Mama yake alipofariki, binti yangu alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyeniambia nile." Chini nimeweka jina langu, la baba na la babu, Shangazi asiulize.

Hayo ndiyo nitakayosema kesho. Ukiona yanakuaibisha, yafute kabla sijarudi. Kifutio nimekuwekea hapa.

Baba