Santuri Iliyoandikwa TUPA

Queensburgh, Durban

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu za mapenzi. Je, goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Kakamega? Sisi hatujambo, na ndugu yangu Billy anakula vizuri tangu kidonda cha koo kifunge. Barua hii anakuletea Ernestina, anayerudi huko nyumbani. Kwenye simu ungenisikia nikibabaika, na leo sina uso.

Uliomba nikurekodie santuri ya Billy, usikie tena ile sauti ambayo madaktari waliiondoa pamoja na uvimbe. Unakumbuka alipokuwa mwanafunzi Ufini aliimba na vijana wa panki, ule muziki wa makelele, akipayuka kwa Kifini kama mtu anayefukuza nyani shambani. Walitoa nakala chache tu, kisha wakatawanyika, na nyimbo zenyewe hazimo mtandaoni. Sauti yake ilibaki kwenye ile santuri moja.

Mama, haipo tena.

Tulipokuwa tunahamia nyumba hii, Billy, ambaye siku hizi husema kwa kalamu, aliandika kila sanduku kwa herufi kubwa: WEKA, au TUPA. Sasa jalada la santuri nalo lilikuwa jeusi, na juu yake TUPA kwa herufi nyeupe zilizopindapinda, maana ndilo jina lake. Nikaliweka kwenye takataka, lori likapita likazoa.

Alipoitafuta akaikosa, nikamwambia nilisoma nikatii. Nilidhani atalia. Alicheka, Mama, mabega yakitikisika bila sauti, kisha akaniandikia kwamba kwa Kifini tupa ni chumba chenye jiko la kuni, pale watu wa nyumba wanapoota moto pamoja. Akaliandika neno hilo juu ya mlango wa sebule yetu. Wakenya wenzetu wakija huuliza humu tunatupa nini, naye hucheka upya.

Sasa nikuambie linalonikaba. Sikukosea. Jalada lile nalijua vizuri, maana aliipiga santuri hiyo kila Jumapili tukitoka kanisani. Siku moja Colette, msusi Mkongomani tunayeimba naye kwaya, aliisikia akiwa mlangoni, akaniuliza kama humu ndani iko mtu wa mapepo. Nikamjibu kuwa ni redio ya jirani. Billy alinisikia, na tangu hapo akawa anaipiga kwa sauti ya chini. Nilimwonea haya ndugu yangu, Mama. Nilipoliona neno lile katikati ya masanduku, nilifurahi kupata kisingizio. Sauti ya mwanao niliitupa nikiwa na akili zangu timamu.

Billy amenisamehe kosa ambalo sikulifanya, na lile nililolifanya halijui. Kila jioni naazimia kumwambia, nikipita chini ya neno lile mdomo unaganda. Yeye ndiye aliyekatwa koo, na mimi ndiye nisiyeweza kusema.

Mfikishie Baba mdogo Josphat salamu zangu, na majirani wote wanaoniulizia. Uniombee.

Ni mimi binti yako,
Mildred